Leteni Mtu: Kumkumbuka Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka

Taksi za Jinja hutushusha katika stendi ya zamani ya Kampala, na hatua chache kutoka pale upo mtaa uitwao Ben Kiwanuka. Ni mtaa wa maduka ya nguo, simu na mabegi, wa wachukuzi wanaopiga miluzi ili wapishwe njia, na wa makondakta wanaolitaja jina hilo mara mia kwa siku kama mtu anavyotaja jina la kituo. Si mbali na hapo upo mtaa wa Luwum, uliopewa jina la Askofu Mkuu Janani Luwum aliyeuawa Februari 1977. Watu wawili waliouawa na utawala mmoja, ule wa Idi Amin, mmoja wa madhabahuni na mwingine wa mahakamani, wamewekwa jirani katika sehemu yenye kelele kuliko zote mjini, na kwa miaka mingi nimepita kati yao nikiwa na mzigo mkononi, nikiharakisha.

Leo ni tarehe 21 Septemba. Siku kama ya leo mwaka 1972, Benedicto Kagimu Mugumba Kiwanuka, raia wa kwanza wa Uganda kuwa Jaji Mkuu na mtu wa kwanza kushika cheo cha Waziri Mkuu katika nchi hii, alichukuliwa na watu wenye silaha kutoka Mahakama Kuu alikokuwa akifanya kazi, mchana kweupe, na hakurudi tena. Jambo hilo hukumbukwa kila mwaka, na ni haki likumbukwe. Hata hivyo nimekuja kuona kwamba kila tunapomtaja tunakimbilia kifo chake, kana kwamba kuuawa ndiyo kazi aliyoifanya. Kuuawa kwake kulikuwa kazi ya wengine. Kazi yake mwenyewe, au tuseme ile sehemu yake ambayo mimi naiona bora kuliko zote, inaweza kuandikwa kwa maneno mawili ya Kiswahili: leteni mtu.

Nayaandika haya kwa Kiswahili kwa makusudi, na msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa huenda asielewe mara moja kwa nini hilo lihitaji maelezo. Katika sehemu kubwa ya Uganda, hasa Buganda alikotoka Kiwanuka, Kiswahili kilisikika kwa muda mrefu kama lugha ya kambi na ya vizuizi vya barabarani. Ndicho alichozungumza askari alipotaka kitambulisho chako, kisha saa yako, kisha viatu vyako. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, alikiongezea heshima kwenye karatasi na kukipunguzia mapenzi majumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Amin akiwa amekwisha kuondoka, likaenea neno ambalo hata Mganda asiyejua neno jingine lolote la Kiswahili analielewa hadi leo: panda gari. Hilo ndilo jina la misako ambamo wanaume na vijana walizingirwa mitaani, wakapangwa mistari, wakaamriwa kupanda malori, na baadhi yao hawakuonekana tena. Mimi nimezaliwa ndani ya lugha hii na ndiyo niliyobembelezewa, kwa hiyo inaniuma kwamba kwa wenzangu wengi imebaki kuwa maneno mawili ya kumpeleka mtu kusikojulikana. Maneno mawili ya kumrudisha nayo yapo, na Kiwanuka aliyasema pale ambapo kuyasema kulikuwa na hatari kubwa kuliko wakati wowote mwingine, ingawa aliyaandika kwa Kiingereza cha mahakama.

Kwetu ni Walukuba, Jinja, mtaa wa wafanyakazi wa viwanda ambako Mluo, Msamia, Mualur na Msoga walihitaji lugha moja ya kuombana chumvi. Babu yangu alifika pale kufanya kazi katika kiwanda cha nguo baada ya kuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza lililoitwa King's African Rifles, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Watu wengine walipokuwa wakisema Jaji Mkuu, au Ben tu kama walivyozoea Waganda, yeye alisema Sajini Meja, na alilisema kwa kunyoosha mgongo. Kiwanuka naye alikuwa wa Keya: aliingia mwaka 1942 akiwa kijana wa miaka 20, akatumika Kenya, Misri na Palestina, akatoka mwaka 1946 na cheo hicho cha sajini meja katika jeshi ambalo vyeo vya ofisa vilikuwa vya Wazungu. Lugha ya Keya ilikuwa Kiswahili. Babu hakuwahi kutumika naye kikosi kimoja, lakini kwake hilo lilitosha. Mtu aliyeamka kwa tarumbeta ileile na kufokewa kwa Kiswahili kilekile alikuwa ndugu, hata kama baadaye alivaa joho.

Alizaliwa Mei 1922 huko Kisabwa, upande wa Masaka, katika nchi ya Buddu ambayo Ukatoliki umeota mizizi mirefu. Baada ya vita alikwenda kusoma Roma katika nchi iliyoitwa Basutoland, ambayo sasa ni Lesotho, kisha London, akasomea sheria na kukubaliwa kuwa wakili mwaka 1956. Fikiria safari hiyo kwa mtu wa umri wake: ana zaidi ya miaka 30, ana familia nyumbani, vijana aliowaacha wakichunga mbuzi wamekwisha kuoa, naye bado yuko darasani akihesabu senti za kodi ya chumba. Aliporudi hakukaa muda mrefu kwenye uwakili peke yake. Mwaka 1958 alichaguliwa kukiongoza chama cha Democratic Party, ambacho watu wote hukiita DP, akichukua nafasi ya Matayo Mugwanya, mzee aliyeukosa ukatikiro, yaani uwaziri mkuu, wa Buganda kwa kura chache na ambaye kukosa kwake kuliwaumiza Wakatoliki wengi waliojiona wamefungiwa mlango wa Mengo, makao ya ufalme wa Buganda. Kauli mbiu ya chama ilikuwa Ukweli na Haki. Vyama vingi vimekuwa na kauli nzuri, lakini hii ninaitaja kwa sababu ilikuja kumgharimu mwenyewe.

Uchaguzi wa Machi 1961 ndio ulioanza kumfanya kiongozi wa nchi, na ni lazima usimuliwe wote bila kupunguza. Lukiiko, baraza la Mengo, liliwaamuru watu wa Buganda wasijiandikishe wala wasipige kura, kwa kuwa Buganda haikutaka kuingizwa katika Uganda moja kabla ya kujua nafasi ya Kabaka, mfalme wake. Watu wachache mno wakajiandikisha, na wengi kati ya hao wachache walikuwa wafuasi wa DP, ambacho kikachukua viti 20 kati ya 21 vya Buganda. Kwa jumla ya nchi, UPC, chama cha Milton Obote, ilipata kura nyingi zaidi lakini viti 35 tu, na DP kikapata wingi wa viti. Sitaki kuficha kwamba ushindi huo ulisimama juu ya mguu mmoja. Kiwanuka mwenyewe, akiwa mtu wa Buganda aliyevunja amri ya Mengo, alijua ni nini kitakachosemwa juu yake, na kilisemwa: vipi mtu wa kawaida, mkopi kama wanavyosema kwao, aketi juu ya Kabaka?

Swali hilo lilikuwa zito kuliko tunavyoweza kulipima sasa. Wengi walilielewa kama tusi kwa kiti cha enzi, na chama cha Kabaka Yekka kikazaliwa mwaka huohuo kikiwa na hoja hiyo moja. Naona hapa ndipo tabia ya Kiwanuka inapoonekana vizuri zaidi. Angeweza kwenda Mengo na kupiga magoti ya kisiasa, kwa maana njia ya kupatana ilikuwepo na wengine waliipita. Obote, ambaye hakuwa mtu wa Buganda wala rafiki wa falme, aliipita na akafaidika nayo. Kiwanuka alishikilia kwamba wabunge wa Buganda wachaguliwe moja kwa moja na wananchi kama wenzao wote, na hakutetereka hata pale mkutano wa London wa mwaka 1961 ulipokubali kwamba Lukiiko liwateue. Kuna wanaosema ulikuwa ukaidi, na kwamba mwanasiasa mwenye hekima zaidi angepinda kidogo ili asivunjike. Nakubali kwamba hakuwa mtu wa maneno laini. Lakini jambo alilolishikilia, la kwamba mkulima wa Buddu apige kura yake mwenyewe na asipigiwe na wakuu wake, sioni jinsi ambavyo mtu angelipinda na likabaki kitu kilekile.

Alikuwa Waziri Kiongozi tangu mwaka 1961, na nchi ilipopata serikali ya ndani tarehe 1 Machi 1962 akawa Waziri Mkuu. Serikali yake ilikuwa hata imechagua bendera, ya mistari ya kijani na buluu iliyotengwa kwa njano, na korongo wa njano katikati. Haikupepea muda mrefu. Mwezi Februari Kabaka Yekka ilikuwa imekwisha kutwaa viti 65 kati ya 68 vya Lukiiko, na katika uchaguzi wa taifa wa Aprili Lukiiko lilipeleka wajumbe wake 21 wakaungana na UPC yenye viti 37. DP kikabaki na 24. Kiwanuka akakosa serikali, na kwa utaratibu uleule alioupinga akakosa pia kiti cha ubunge. Uwaziri mkuu wake ulidumu majuma machache tu. Aliukabidhi. Sheria ilisema ameshindwa, naye akatoka, na Obote ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1962 bendera ya uhuru ilipopandishwa, ile nyeusi, njano na nyekundu tuliyonayo.

Naomba msomaji aikumbuke Aprili hiyo, maana tangu wakati huo hadi leo tuliokaa Uganda tumeshuhudia namna nyingi za kutoka madarakani, na chache sana zilifanana na hiyo.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Basil Bataringaya, aliyeongoza upinzani bungeni kwa niaba ya DP, alihamia UPC pamoja na wenzake mwishoni mwa 1964. Mwaka 1966 Obote aliiweka kando katiba ya uhuru, jeshi likashambulia kasri la Kabaka huko Mengo, na Kabaka mwenyewe, Mutesa, akakimbilia Uingereza. Mwaka huohuo mkuu wa saza la Buddu, Michael Matovu, aliyekuwa kizuizini, alipelekewa ombi mahakamani ili aliyemshika atakiwe kueleza sababu, na katika kesi hiyo majaji wakaikubali katiba mpya ya 1966 kuwa halali kwa hoja kwamba mapinduzi yaliyofaulu huzaa sheria yake yenyewe. Kesi hiyo husomwa na kila mwanafunzi wa sheria Makerere. Mwaka 1969 zamu ikamfikia Kiwanuka mwenyewe. Alikamatwa na kuwekwa ndani, na mwishoni mwa mwaka huo vyama vya upinzani vikapigwa marufuku.

Alitoka Januari 1971, siku chache baada ya Amin kumpindua Obote, akiwa miongoni mwa wafungwa 55 wa kisiasa walioachiliwa mbele ya umati uliokuwa ukishangilia. Mwezi Juni mwaka huo Amin akamteua kuwa Jaji Mkuu, naye akakubali.

Kukubali huko nimeulizwa mara nyingi, hasa na vijana, na wanaouliza wana haki ya kuuliza. Je, hakuona? Mtu wa sheria anawezaje kupokea joho kutoka mkononi mwa mwenye kifaru? Jibu langu halimfanyi malaika. Mwaka 1971 watu wengi wenye akili zao timamu walicheza barabarani Kampala, na mtu aliyetoka gerezani juzi kwa amri ya Amin alikuwa na sababu ya kumdhania mema kuliko wale waliokuwa nje. Zaidi ya hapo, nadhani aliiona kazi ile kuwa moja ya chache zilizobaki ambazo mtu angeweza kuzifanya bila kuomba ruhusa. Chama kilikuwa kimefungwa na bunge limevunjwa, na mahakama ndiyo iliyokuwa bado na mlango wazi. Kama alikosea kumwamini aliyempa ufunguo, hakukosea juu ya kazi ya mlango wenyewe, na aliufungua kwa kila aliyebisha.

Aliyebisha Septemba 1972 alikuwa Mwingereza. Ni muhimu kuikumbuka hali ilivyokuwa. Mapema Agosti Amin alikuwa ametangaza kwamba Wahindi, wengi wao wakiwa na pasi za Uingereza, waondoke nchini ndani ya siku 90. Redio iliwatukana Waingereza asubuhi na jioni. Kumtetea Mwingereza wakati huo kulikuwa kujitafutia jina la kibaraka, na mwanasiasa yeyote mwenye busara za kawaida angeiona kesi ya mgeni kuwa si mahali pa kufia. Mfanyabiashara mmoja Mwingereza, Daniel Stewart, alikuwa amekamatwa na wanajeshi na kuzuiliwa, na ombi likaletwa mahakamani kwa niaba yake.

Ombi la namna hiyo wanasheria hulitaja kwa Kilatini, habeas corpus, na maana yake ni nyepesi kuliko jina lake. Jaji anamwambia yule anayemshikilia mtu: mlete hapa mbele yangu, mwili wake na uhai wake, kisha unieleze ni sheria ipi iliyokupa ruhusa ya kumshika. Anayetakiwa kujieleza ni aliyeshika. Aliyeshikwa hatakiwi kwanza athibitishe kuwa ni mtu mwema, wala kuwa ni raia, wala kuwa anapendwa na majirani. Kama aliyeshika hana sheria ya kuonyesha, mtu anakwenda nyumbani, basi. Kiwanuka alilisikiliza ombi, akaona kwamba wanajeshi hawakuwa na uwezo wa kisheria wa kumshika mtu huyo, na akaamuru aachiliwe.

Nimelitafakari sana jambo hili kwamba aliyefunguliwa alikuwa mgeni. Angekuwa Mkatoliki wa Buddu, wangesema jaji amemtetea ndugu. Angekuwa mwana DP, wangesema amemtetea mfuasi. Kwa Stewart hakukuwa na ukoo, dini, chama wala kabila la kuifunikia amri ile, na kwa hiyo ilionekana ilivyo: jaji anaiambia bunduki kwamba ina mipaka. Nadhani walioipokea waliielewa vizuri kuliko baadhi yetu tunaoihubiri.

Tarehe 17 Septemba wapiganaji waliokuwa Tanzania wakiungana dhidi ya Amin walivuka mpaka na kushambulia Mbarara na Masaka, wakashindwa. Kilichofuata kilikuwa msimu wa kuvuna watu. Francis Walugembe, aliyewahi kuwa meya wa Masaka, aliuawa. Bataringaya, yule aliyemwacha Kiwanuka na kwenda upande wa Obote akawa waziri wa mambo ya ndani, aliuawa pia mwaka huo. Watu wawili walioachana njia mwaka 1964 wakakutana tena katika orodha moja. Makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Frank Kalimuzo, alichukuliwa Oktoba. Na katikati ya hayo, tarehe 21 Septemba, watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu linalotazamana na uwanja wa katikati ya mji, ambako kila siku watu hukaa kwenye nyasi wakila karanga, wakamtoa Jaji Mkuu mbele ya wafanyakazi wake na kumtia katika gari. Alikuwa na umri wa miaka 50. Utawala ule haukukubali kwamba ulimuua. Mwili wake haukukabidhiwa kwa mkewe wala kwa watoto wake, na hadi leo familia haina kaburi la kupalilia.

Sasa nieleze kwa nini amri ya mwaka 1972 kwa ajili ya Mwingereza inanigusa mimi wa Walukuba. Mwaka 1982 baba yangu mdogo alikuwa akiuza mitumba Kisenyi, Kampala, alipochukuliwa katika panda gari. Tulipata habari baada ya siku tatu kupitia dereva wa lori. Babu yangu, askari wa Keya mwenye medali zake ndani ya kopo la kahawa, alitaka kwenda kwa wakili. Aliamini kwamba serikali ikimshika mtu ipo ofisi ya kuuliza. Majirani walimzuia kwa sababu walimpenda. Aliyekwenda alikuwa shangazi yangu, na hakwenda kwa wakili. Alikuwa na cherehani ya miguu aliyoinunua kwa miaka ya kushona sare za shule, akaiuza kwa mtu wa Iganga kwa bei ya hasara, akampelekea fedha mtu aliyejulikana kuwa na mtu wake ndani. Baada ya siku 19 baba mdogo alirudi kwa miguu, amekonda, na hadi alipofariki hakusimulia chochote, ila hakuweza tena kulala katika chumba chenye mlango uliofungwa.

Kwa hiyo Stewart alitoka kwa amri ya jaji, na baba mdogo alitoka kwa cherehani. Miaka 10 ilikuwa imepita kati yao. Walioingia katika lori moja naye na ambao dada zao hawakuwa na cherehani, hao hakuna aliyeniambia walikwendaje. Ninapoisikia hotuba ya kumbukumbu ya Kiwanuka, ambayo Mahakama imekuwa ikiiandaa kila tarehe 21 Septemba tangu mwaka 2018, nikiwaona majaji katika majoho na wageni katika suti, huwa nawafikiria watu wa lori lile. Sisemi kwamba heshima hiyo haifai. Inafaa, na ilichelewa. Nasema tu kwamba ukubwa wa Kiwanuka hupimwa vizuri zaidi na watu ambao kwao hakuwepo Kiwanuka.

Waliotunga katiba ya 1995 walilijua hilo, kwa maana wengi wao walikuwa na ndugu wa kuwahesabu. Ibara ya 23 inasema kwamba haki ya kupata amri ya kumleta mtu mahakamani haivunjwi wala haisimamishwi, na ibara ya 44 ikaiweka katika haki nne tu ambazo haziguswi kwa hali yoyote, pamoja na ile ya kutoteswa, ile ya kutofanywa mtumwa, na ile ya kusikilizwa kwa haki. Hata vita, hata hali ya hatari, haiigusi. Na hoja ya mipaka ya jeshi juu ya raia haijalala. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba mahakama za kijeshi hazina uwezo wa kuwashtaki raia. Mwezi Mei mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria inayoruhusu tena raia kushtakiwa huko katika mazingira fulani. Watu wanabishana juu ya hilo redioni, kwenye taksi na makanisani, na mimi nina upande wangu, ambao msomaji aliyefika hapa anaujua. Ninachofurahia ni kwamba wanaobishana kila mara hujikuta wakilitaja jina la Kiwanuka.

Jumapili iliyopita nilikwenda Walukuba kumwona shangazi. Ana zaidi ya miaka 70 na bado anashona, kwa cherehani nyingine aliyoipata baada ya miaka mingi. Nilimtafsiria ibara ya 23 kwa Kiswahili chetu cha Jinja, polepole, nikamweleza habari ya Mwingereza na ya amri ile. Alikuwa akitia uzi kwenye sindano na sikuwa na hakika kama ananisikiliza.

"Kumbe ilikuwepo karatasi," akasema. "Babu yako huyo wa Keya alisema ipo, sisi tukamzuia."

Nikamwambia ndiyo, ilikuwepo, na babu alisema kweli.

"Na huyo jaji mwenyewe, mwanangu? Walipomchukua, walimleta?"

Nikamwambia hawakumleta. Akaiweka sindano mezani, akaniuliza mkewe alikuwa na watoto wangapi wakati ule, nami nikamwambia walikuwa wengi, na wengine walikuwa bado wadogo. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaniomba nimwandikie jina lote la jaji kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, ili Jumapili ijayo alipeleke kanisani asomewe pamoja na baba mdogo.